Mkono wa Ndani ya Miwani

Nairobi, 9 Februari 2025

Shangazi Gladys,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako nzima, na jua la Mtopanga halijawamaliza. Mimi huku sijambo. Nimehama chumba, sasa niko ghorofa ya nne, na maji hupanda siku yanapotaka yenyewe. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei tangu Novemba, na ujumbe wangu unausoma na kuunyamazia. Sawa. Watu wa basi hawana ugomvi na sisi, basi nimewapa wao.

Pamoja na barua hii utapokea sanduku. Tafadhali usilifungue kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Ndani kuna miwani kubwa, inafanana na ya wachomea vyuma. Hiyo ndiyo kazi yangu, ile uliyoiita mchezo wa watoto mbele ya kikao cha familia. Kwa Kiswahili inaitwa uhalisia pepe. Mtu akivaa miwani anaona mahali pengine kabisa, akigeuza kichwa na mahali hapo panageuka naye. Kampuni yetu inawatengenezea watu waliopigwa na kiharusi, kama Hawe. Najua wewe ni mwanawe na mimi ni mjukuu tu, lakini aliyenilea ni yeye, kwa hiyo naomba unisikilize.

Kampuni nyingine huwapa wagonjwa vijiti vya plastiki vyenye vifungo. Wazee hawaviwezi. Sisi tunatumia vitu vya nyumbani. Utaona stika zenye miraba myeusi na myeupe. Bandika moja kwenye ungo, moja kwenye mwiko, moja kwenye kikombe. Miwani ina kamera, itaiona stika na kujua kitu kiko wapi. Hawe atashika ungo wa kweli, na ndani ya miwani ungo huo utakuwa kitu kingine cha kumfurahisha. Mgonjwa akisahau kwamba anafanya mazoezi, hapo ndipo anayafanya vizuri.

Usitumie sufuria inayong'aa, mwanga unaichanganya kamera. Usiiweke miwani karibu na pasi. Usiwape watoto wa jirani. Najua utauliza ninakuja lini. Tuko katikati ya mradi.

Nisalimie Hawe. Mwambie mume wake anamsalimu.

Mwanao,
Randu


Mtopanga, 2 Machi 2025

Mpendwa Randu,

Marahaba. Salamu zimefika, sanduku limefika, na nimelifungua kwa mkasi wa kukatia vitambaa kwa kuwa ndio mkasi nilionao. Sisi huku hatujambo. Binti yangu Cheryl amejifungua mtoto wa pili, wa kike, na hilo nalo limekupita. Joto limezidi, watu wanalala vibarazani. Wazazi wameamka wote pamoja wanataka sare za shule, kila mmoja anataka yake iwe ya kwanza.

Simu yako siipokei na sababu unaijua. Mama alipoanguka nilikupigia nikiwa nimeketi sakafuni kwenye korido ya hospitali, ukaniambia uko mkutanoni. Ulipopiga baadaye ulikuwa na maneno mengi ya ubongo, upande huu na upande ule. Treni ya asubuhi inawafikisha watu stesheni ya Miritini mchana, wakala, wakalala. Wewe hujaipanda. Kaka yangu Munga, baba yako, alipofariki ulikuwa hujui hata kuvaa viatu, na Mama ndiye aliyekubeba. Mtu wa namna yako namsikia vya kutosha kwenye karatasi.

Sasa huo uhalisia pepe wako. Pepe tunazijua huku, ni zile punje za mpunga zenye ganda tupu. Umeupatia jina kweli.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nikabandika stika kwenye ungo wa Mama, nikamketisha mkekani, nikamvika hilo dude. Akauliza mbona tumemfunika. Nikamwambia ni zawadi ya mjukuu wake. Akatabasamu, maana jina lako ni la marehemu Baba, na hadi leo anakuita mume wake bila haya. Nikampa ungo, kwa mkono wa kushoto akaushika mwenyewe, wa kulia nikamshikisha mimi kwa kuwa hauna nguvu. Kumbe huko ndani ungo ni usukani wa lori. Nilijua nilipovaa mwenyewe baadaye. Mama yangu, ambaye hajaendesha hata baiskeli, umemweka kwenye lori, barabara ya milimani, theluji kila upande. Yeye angejuaje? Ameshika ungo, na aliyeshika ungo anapeta. Basi akapeta. Lori likaruka, likapinduka, akajiona anatumbukia bondeni, akapiga ukelele hadi fundi wa baiskeli wa jirani akaja mbio na spana mkononi. Nilipomvua alikuwa analia.

Mwiko sikumpa. Nimeutazama mwenyewe, ni raketi. Kikombe ni ndege anayetaka kulishwa. Ni nani huyo aliyekaa Nairobi akaamua kwamba bibi wa Kigiriama amekosa raketi maishani?

Tena ungekuja ungejua kwamba mazoezi si shida yetu kubwa. Shida ni chakula. Mkono wa kulia hauinuki. Wa kushoto ni mzima, ukikushika utasikia, lakini hataki kuupeleka mdomoni. Anasema ni mkono wa chooni na yeye hajafika huko. Nikimlisha mimi anakubali kidogo, kisha anafunga mdomo na kunitazama kama niliyemvua nguo mbele ya watu. Kijiko nikikiweka kwenye wa kushoto anakilaza chini. Amekonda, Randu. Kanga anajifunga na inabaki.

Sanduku lako liko juu ya kabati. Niambie nikurudishie.

Shangazi yako,
Gladys Nyamvula


Nairobi, 16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Cheryl pongezi zangu, na mtoto nitamtafutia kitu. Huku mvua imeanza na barabara ya kwetu imekuwa mto. Jirani yangu amenunua mbwa anayebweka mchana kutwa.

Lile lori lilitengenezwa kwa wagonjwa wa ng'ambo, ndio wanaotulipa. Theluji si yangu. Lakini hilo la kupeta sikulitegemea, na hapa ofisini hakuna aliyelitegemea. Tuliona duara, tukasema usukani. Hatukuuliza mkono wa mtu umezoea kufanya nini na duara hilo. Hapo umenishinda, na ni hapo tu.

Kwa sababu hili la mkono wa kushoto limenichekesha, na si kicheko kizuri. Mimi nilizaliwa mtu wa kushoto. Unajua, ulikuwepo. Kila tulipoketi kula Hawe aliufunga mkono wangu kwa kipande cha kanga, fundo mgongoni, hadi nikaanza shule. Nikiufungua nilihamishwa kutoka kwenye sinia. Nimeandika kwa mkono wa kulia kama kuku aliyekanyaga wino, nikachapwa kwa mwandiko huo. Mpaka leo nikila mbele ya watu natazama kwanza nimetoa mkono gani. Na huo mkono wa chooni ndio unaochora kila kitu kilichomo ndani ya miwani. Leo wake wa kulia umekufa, na yeye anaona heri njaa kuliko kuwa kama mimi. Ninalo la kusema, lakini wewe ni shangazi yangu.

Usirudishe sanduku. Mwambie Cheryl anipigie picha za sinia la chakula la Hawe, kikombe chake cha bati na mkeka wake. Na mkono wake wa kulia, pande zote mbili. Nataka kujaribu jambo.

Randu


Mtopanga, 30 Machi 2025

Randu,

Marahaba. Cheryl amepiga picha na amesema zimekufikia. Mama aliuliza mkono unapigwa picha ya nini, kwani umekuwa bibi arusi. Mtoto wa Cheryl analia usiku na kulala mchana. Mimi nashona, macho yananiuma, sindano nazitafuta kwa vidole.

Habari ya kipande cha kanga nimeisoma na nimeikunja. Ukila kwa kushoto enzi hizo watu hawakukucheka wewe mtoto, walimcheka aliyekulea, na yeye alikuwa mjane mwenye mjukuu mgongoni. Hilo si jibu, ni habari tu. Wewe una kinyongo, mimi nina mgonjwa, na wa kwangu ndiye anayepungua.

Daktari amempima tena na hakupenda alichokiona. Amesema mwezi mmoja ukipita hivi hivi atatiwa mpira puani, alishwe kwa bomba. Mama alisikia yote. Tulipofika nyumbani akaniambia kwa ulimi wake ule mzito, "Gladys, ukiwaachia wanitie mpira, radhi yangu usiitafute."

Kwa hiyo mambo ni haya. Ale kwa mkono alionao, au atiwe mpira, au tumzike. Nimeyapanga kwa mafungu ili hata mtu wa mkutanoni ayaelewe.

Madude yako siyataki. Njoo wewe.

Shangazi Gladys


Nairobi, 21 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Heri ya Pasaka, ingawa imepita jana. Mimi niliipitishia kazini, na mlinzi tu ndiye tuliyesalimiana.

Utapata kadi ndogo ndani ya bahasha. Nimemwandikia Cheryl namna ya kuipachika kwenye miwani. Ule mchezo wa lori umekwisha. Safari hii kila kitu kimebaki kilivyo. Sinia ni sinia, kikombe ni kikombe, sima ni sima. Nyumba atakayoiona ni yenu hiyo hiyo, hadi ufa wa ukutani. Nilichogeuza ni kimoja tu, mkono. Miwani itauchukua mkono wake wa kushoto na kumwonyesha kama wa kulia, upande wa kulia.

Fanya hivi. Bandika stika ukingoni mwa sinia, uliweke kushoto kwake. Yeye ataliona kulia. Atanyoosha mkono alionao na kuuona ule alioupoteza. Sima iwe ya kweli, samaki wa kweli, miiba umtoe wewe. Macho yanadanganyika, vidole na ulimi hapana, lazima vishike na kuonja kitu cha haki. Si uchawi wangu. Waganga wa viungo wanafanya hivyo kwa kioo tangu zamani, ila hawali nacho.

Usimwambie. Utasema ni uongo, na ni uongo. Nimeupima nikaona ni mdogo kuliko mpira.

Ule mkono nimeuchora vizuri. Pete ya shaba ipo, na kovu la kisu cha kupasulia nazi lipo. Nimeuchora kwa mkono wa chooni, ikiwa wataka kujua.

Wakubwa wangu wanaomba video yake akila, ya kuwaonyesha wafadhili. Mimi nimeuliza tu kama nilivyotumwa.

Kuja, bado.

Randu


Mtopanga, 18 Mei 2025

Mpendwa Randu,

Marahaba. Mvua ya mwaka huu imetuonea. Maji yaliingia hadi kwenye miguu ya cherehani, nikainua vitambaa juu ya kitanda na mimi nikalala kwenye kiti. Kwaya imepata sare mpya, nimezishona mimi, na Roseline, yule jirani yangu wa nyuma, amesema zinambana. Anazidi kunenepa halafu anaulaumu uzi.

Amekula.

Niliposoma maagizo yako nilisonya hadi Cheryl akauliza kuna nini. Uniambie nimdanganye mama yangu nyumbani mwake, kwa sinia lake, mimi mwenyekiti wa akina mama kanisani. Siku nzima kadi yako ilikaa chini ya biblia ikingoja. Lakini asubuhi ile alikuwa amekataa hata uji, kwa hiyo nikasonga sima, nikachemsha mboga ya mchunga, nikakaanga samaki na kumchambua. Nikabandika hizo stika zako, nikamvika.

Alinyoosha mkono, akausimamisha hapo hapo. Akakunja vidole, akakunjua. Akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini. Nilidhani amegundua. Akasema, "Umerudi," kwa sauti ndogo, hakuniambia mimi. Kisha akamega tonge.

Nilimwacha na Cheryl nikaenda kulia kwenye karo la kuoshea vyombo, nikanawa uso, nikarudi. Hadi leo anakula mchana na jioni. Daktari amefurahi, anadhani ni dawa yake, nami sikumtoa huko.

Usidhani nakushukuru. Ungemwona ungeona aibu. Bibi mzima amevaa debe usoni, tonge linagonga debe kabla halijapata mdomo, mchuzi unaingia kwenye matundu ya hewa nami nautoa kwa njiti ya kiberiti. Saa ya kula nafunga mlango kwa komeo kama watu wanaopika gongo. Video hutapata. Mama yangu si tangazo la biashara, na hao wafadhili waambie wakalishe mama zao.

Kila akishiba anauliza, "Mume wangu amekula?" Mimi namwambia amekula. Huo nao ni uongo, kwani najuaje.

Shangazi Gladys


Mtopanga, 15 Juni 2025

Randu,

Salamu ni zile zile. Mtoto wa Cheryl ameota jino. Sina nafasi ya mengine.

Wiki iliyopita nilifunga mlango wa mbele, wa nyuma nikasahau. Roseline akaingia na bakuli la maharagwe ya nazi, akamkuta Mama na debe lake, mkono umejaa sima. Akasimama akasema kwa ile sauti yake ya kuongoza kwaya, "Mama Munga, siku hizi mwala kwa kushoto?"

Mama akaivua miwani mwenyewe. Akautazama mkono wake. Sima imekwama vidoleni, wa kulia umelala mapajani kama alivyouacha. Hakulia. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu mvua. Akaufuta kwenye kanga, pole pole, kila kidole, akajilaza akageukia ukuta.

Tangu siku hiyo ni uji wa kijiko, nao kwa kubembelezwa. Nikiileta miwani anafumba macho. Jana alisema neno moja tu kwangu, akasema tulimcheza shere. Roseline nimemtoa kwa maneno ambayo mwenyekiti wa akina mama hapaswi kuyajua.

Daktari anataka tumpeleke katikati ya mwezi ujao. Unajua atakachosema.

Wewe ndiye uliyesema nisimwambie. Mimi nikakusikiliza, nikamwamini mtu anayeogopa treni. Sasa niambie, fundi. Ni stika gani ninayombandika?

Gladys


Nairobi, 29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Nilijaza ukurasa mzima kuhusu huyo Roseline na mwingine kuhusu namna ya kurekebisha miwani. Nimezichana zote mbili. Sina kifaa cha hili. Hapa ofisini wananiita mtaalamu wa mikono.

Unauliza tangu Novemba kwa nini siji, na mimi nakujibu mradi. Mradi wangu una likizo. Nilikwenda stesheni mara mbili, mara moja nikafika karibu na dirisha la tikiti. Nilikuwa najiuliza kitu cha kijinga. Nikifika utaweka sinia, tutaketi mkekani, na yeye atakuwa anatazama. Nitamega tonge kwa mkono gani? Nikila kwa kulia, nitakuwa nimemwambia kwamba alifanya vizuri kunifunga, na kwamba yeye sasa ni mtu wa kuonewa aibu. Nikila kwa kushoto, nitakuwa namkomoa mgonjwa. Aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma, nikatoka kwenye foleni.

Nimejifanya bingwa wa kuushika ulimwengu wa watu wengine kwa kikombe na ungo. Kwenye sinia la kwetu sijui niketi vipi.

Usinijibu kama hutaki.

Randu


Mtopanga, 20 Julai 2025

Randu,

Marahaba. Hatujambo. Baridi ya Julai imetusalimu, watu wamevaa masweta kama ninyi huko kwenu. Mtoto wa Cheryl ameanza kukaa mwenyewe, akianguka anacheka.

Barua yako ilinikasirisha sana. Mtu mzima, na ndevu, anashindwa na tonge. Niliitupa kwenye kikapu cha vipande. Kisha nikaenda kupika kwa hasira, na katika kusonga sima nikaona kwamba mimi pia nimemlisha Mama miezi yote hii kwa mkono wangu mzuri wa kulia, mbele ya macho yake, nikimwambia kushoto hakuna ubaya. Angeniaminije?

Nikaweka sinia moja, katikati, la watu wawili. Miwani sikuitoa kabatini. Nikamwinua, nikamweka mkekani, nami nikaketi karibu naye. Nikanawa mkono wa kushoto. Nikamega tonge kwa huo huo.

Sikujua kwamba ni kazi kubwa hivyo. Mkono haukujua njia. Tonge lilivunjika kabla ya kufika kwenye mchuzi, lililofuata nikajipaka kidevuni, samaki akaniangukia kwenye gauni la kanisani ambalo sikuwa nimelibadilisha. Sikumtazama wala sikumbembeleza. Nikaendelea kuchafuka.

Nikasikia anasonya. Nikainua kichwa. Alikuwa ananitazama kwa dharau ambayo sijaiona usoni mwake tangu aanguke, ile aliyokuwa akiwatazama nayo wakwe. Akasema, "Gladys, wala kama mlevi." Nikamwambia basi nionyeshe. Akaniambia sogea. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye maji, akanawa, akamega, akalibonyeza tonge kwa dole gumba, akazoa mchunga, akala. Hakumwaga kitu. Wiki zote zile ndani ya debe lako mkono ulikuwa unajifunza, na yeye hakujua, na mimi sikujua. Hilo nakupa. Akala, akanikosoa, akala, akanikosoa. Aliniita mvivu wa vidole. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Sasa tunakula hivyo, mimi, Mama na Cheryl. Daktari ameahirisha habari za mpira. Jumapili Roseline alikuja kuomba msamaha saa ya chakula, kwani saa nyingine haijui. Mlango ulikuwa wazi. Mama akaniambia nimletee maji anawe. Roseline akatoa wa kulia. Mama akatikisa kichwa. Roseline akaurudisha, akatoa wa kushoto, na alikula vibaya kuliko mimi.

Barua zako nimemsomea Mama, zote, hadi ya foleni ya tikiti. Ile ya Machi, ya kipande cha kanga, alitaka niisome tena. Leo mchana nimetandika mkeka, akaupiga kwa kiganja cha kushoto, hapo ubavuni kwake alipokuwa akiketi Baba. Akasema, "Mume wangu akae hapa. Wote tukila kwa kushoto viwiko havigongani."

Treni unaijua. Ukifika nitakuletea maji. Na ukithubutu kunawa wa kulia eti unamheshimu, nitakurudisha Miritini mwenyewe.

Shangazi yako,
Gladys Nyamvula